Hakuna chanjo ya homa ya nguruwe: anayekuchomea anakuibia

Wiki hii nilipanga tuendelee na somo la kuchanganya pumba na mashudu, lakini hilo litasubiri. Simu zimezidi, na karibu zote zina swali moja: "Bwana mifugo, ile chanjo ya homa ya nguruwe inapatikana wapi, na ni shilingi ngapi?" Wengine hata hawaulizi. Wananiambia wameshachanja, wamelipa shilingi elfu tano kwa kila kichwa, na wanachotaka kwangu ni niseme kwamba sasa wako salama.

Hawako salama. Naandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa: hapa Tanzania hakuna chanjo iliyosajiliwa ya homa ya nguruwe ya Afrika. Haipo duka la dawa za mifugo, haipo ofisi ya halmashauri, haipo kwenye friji ya kata, na haipo kwa yule kijana anayepita na boksi la barafu nyuma ya pikipiki. Maabara ya serikali ya Kibaha inatengeneza chanjo ya mdondo wa kuku, kimeta, chambavu, ugonjwa wa kutupa mimba na homa ya mapafu ya ng'ombe. Ya homa ya nguruwe haimo. Tiba nayo hakuna. Ugonjwa huu unaletwa na kirusi, na antibiotiki haiui kirusi hata ukimaliza chupa nzima kwa nguruwe mmoja.

Najua mnakasirika mkisikia hivyo. Mama mmoja mwenye majike sita aliniambia, "Mwanangu, serikali imezindua kampeni ya chanjo mwaka 2025, ng'ombe wamo, mbuzi na kondoo wamo, mpaka kuku wamo. Sisi wa nguruwe tumekosa nini?" Sikumlaumu, swali lake ni la haki. Lakini jibu lake ni fupi. Kampeni ile ni ya homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Hayo ni magonjwa ambayo chanjo zake zimetumika miaka mingi na zinajulikana. Nguruwe hakuachwa kwa sababu ya dini ya mtu, kama wengine mnavyonong'ona vijiweni. Kwa homa hii hakuna cha kumchoma.

Sasa kile alichochomwa nguruwe wako ni nini? Mara nyingi ni OTC, au peni-strepi, au vitamini. Chupa imebanduliwa karatasi, au ina karatasi ya lugha ambayo hata muuzaji haisomi. Ipo pia janja ya pili, nayo imewanasa hata wasomi. Kuna ugonjwa mwingine wa nguruwe unaojulikana sana Asia na Ulaya, nao unaitwa homa ya nguruwe. Kirusi chake ni tofauti kabisa na hiki chetu. Huo una chanjo, na imekuwepo kwa miongo mingi. Mtu akiingia mtandaoni akaandika "chanjo ya homa ya nguruwe" atauona mzigo huo, ataagiza, atakuja kukuonesha boksi halali lenye maandishi halali. Ila ni chanjo ya ugonjwa ambao hauko zizini kwako. Majina yamefanana tu, kama vile kuwa na jirani anayeitwa Juma na fundi anayeitwa Juma.

Mtaniuliza, "Mbona fulani alichoma na nguruwe wake wakapona?" Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo uongo wote unapojificha. Wako nguruwe wanaougua erisipelasi. Homa juu, hawali, ngozi inatoka mabaka mekundu, mengine yana umbo la pembe nne kama almasi. Ukimwona kwa haraka utasema ni homa ya nguruwe. Erisipelasi inaletwa na bakteria, na penisilini inaiweza vizuri, ukiwahi mnyama anasimama ndani ya siku moja au mbili. Yule mchomaji akibahatisha banda lenye erisipelasi, au lenye vichomi vya mapafu, au nguruwe waliopigwa na joto tu, siku ya pili anaitwa daktari. Habari inasambaa mpaka kata ya tatu. Halafu kuna mabanda ambayo ugonjwa haukuwahi kuingia kabisa: nguruwe walikuwa wazima, wakachomwa, wakaendelea kuwa wazima. Huo nao unahesabiwa ushindi wa sindano. Kwa hesabu hiyo hata mimi nikiwapigia mluzi nguruwe wako wazima, wakabaki wazima, nistahili elfu tano.

Kama mngekuwa mnaibiwa pesa tu, ningelia nanyi na kunyamaza. Ubaya zaidi ni kwamba sindano ile yenyewe inaleta ugonjwa. Damu ya nguruwe mgonjwa imejaa kirusi kuliko kitu kingine chochote, tone dogo linatosha. Mchomaji anaitwa wapi? Anaitwa kule nguruwe walikoanza kufa, maana huko ndiko kwenye hofu na hofu ndiyo biashara yake. Anachoma kumi wa mzee yule kwa sindano moja, anafuta kwa kanga, anapanda pikipiki, anakuja kwako na sindano ile ile, viatu vile vile, kamba ile ile ya kufungia mdomo. Kwenye kata ninayohudumia nimewahi kufuata nyayo za kijana wa namna hiyo. Kitongoji cha kwanza alichopita kilikuwa na ugonjwa. Cha pili na cha tatu hazikuwa na ugonjwa. Baada ya wiki moja na nusu mabanda manne yaliyolala tupu kwenye vitongoji hivyo viwili yalikuwa yale manne yaliyomlipa. Aliyekataa, jirani kabisa na mmoja wao, alikataa kwa sababu hakuwa na hela siku ile. Nguruwe wake walibaki.

Na nyinyi wenzangu, maafisa na vijana mliosoma kozi fupi za afya ya mifugo, mnaopokea elfu tano mkijua wazi mlichobeba ni OTC: msiniambie mnampa mfugaji matumaini. Mnamwambia asifunge mlango kwa sababu mmeshamwekea kufuli, na kufuli lenyewe halipo. Mfugaji aliyechanjwa uongo hujiona salama, anaruhusu dume la jirani liingie, anachukua makombo hotelini bila kuchemsha. Afadhali angebaki na hofu yake.

Yuko kijana wangu mmoja mfugaji, yeye husoma sana kwenye simu. Juzi alinibana: "Kaka, Vietnam wanayo. Usitudanganye." Ni kweli, na sitamficha mtu. Vietnam iliruhusu chanjo ya homa ya nguruwe ya Afrika mwaka 2022. Miezi michache baadaye wakaisimamisha kwa muda kwa sababu nguruwe waliochanjwa mkoa mmoja walikufa kwa wingi. Wakaichunguza, wakaanza kwa kuisimamia kwa karibu, na mwaka 2023 wakaruhusu itumike nchi nzima. Ni chanjo hai, maana yake kirusi chenyewe kimepunguzwa makali kikabaki hai. Imetengenezwa kutokana na aina ya kirusi iliyotokea Georgia mwaka 2007, aina ambayo wataalamu wanaiita namba mbili. Sisi hapa namba mbili tunayo, iko hasa kusini na imeendelea kusambaa, lakini tunazo na nyingine. Watafiti wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamekuta aina zaidi ya moja kwenye nguruwe wa Tanzania, ikiwemo namba tisa na namba kumi. Chanjo iliyotengenezwa kwa aina moja hairuhusu kudhani kwamba itazuia aina nyingine. Kwa hiyo hata yule mwenye magendo akikuletea chupa halisi kutoka Vietnam, ikiwa haikuharibikia njiani kwa joto, bado hujui inalinda nini kwenye kijiji chako.

Historia ya chanjo hai za ugonjwa huu inatisha. Ureno, miaka ya 1960, waliwachanja nguruwe kwa mamia ya maelfu kwa kirusi kilichopunguzwa makali. Wengi wakapata vidonda, vichomi, kuvimba viungo, wakawa wagonjwa wa kudumu wanaobeba ugonjwa. China nako, mwaka 2021, ziliripotiwa aina za kirusi zenye dalili ndogo na ugonjwa wa polepole, na chanjo za magendo ndizo zilizoshukiwa kuzileta. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeonya wazi kuhusu kutumia chanjo za homa hii ambazo hazina viwango. Siku chanjo nzuri ikifika Tanzania, ikasajiliwa, ikapimwa kwa aina zetu, nitakuwa wa kwanza kuja na boksi langu nyumbani kwako. Mpaka siku hiyo, mtu yeyote mwenye sindano ya homa ya nguruwe asivuke uzio wako.

Basi tufanye nini? Mnaniuliza hivyo kana kwamba bila chanjo hakuna la kufanya. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery, baada ya nguruwe wa walowezi kufa ovyo. Ulikuwa wa ngiri na papasi wa porini tangu zamani. Ngiri anabeba kirusi na wala haugui. Mwaka 1957 ukaonekana Lisbon, Ureno. Ulisafirije kutoka Afrika? Wataalamu wanaeleza kwamba ni mabaki ya chakula cha ndege yaliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2007 ukatokea Georgia, kwenye bandari ya Poti, na hapo tena kinachoshukiwa ni mabaki ya chakula kutoka melini. Mwaka 2018 ukaingia China. Kirusi hiki kimezunguka dunia ndani ya ndoo ya makombo.

Sasa sikiliza ya Hispania. Ugonjwa uliingia kwao mwaka 1960 na ukakaa miaka 35. Walipojipanga kweli walipima mabanda, wakaua wagonjwa na wabebaji, wakabomoa mabanda ya zamani yenye papasi kwenye nyufa, wakadhibiti usafirishaji, wakalipa wafugaji fidia. Mwaka 1995 wakatangazwa wameumaliza. Bila chanjo. Leo Hispania ni kati ya nchi zinazoongoza Ulaya kwa nguruwe.

Umesoma neno fidia, na najua limekukaa kooni. Mimi ni mtumishi wa serikali na bado nitalisema: kumwambia mfugaji aripoti, azike nguruwe wake kumi, arudi nyumbani mikono mitupu huku ada ya shule inamsubiri Januari, ni jambo gumu. Katika miaka yangu ya kazi sijaona mfugaji wa kijijini akilipwa kwa nguruwe waliokufa na homa hii. Hilo tuliseme kwenye vikao vya kata, madiwani walipeleke wilayani, lisemwe mpaka lisikike. Lakini kukosa fidia hakukupi ruhusa ya kumuuzia mwenzako kifo.

Maana ndicho mnachofanya. Nguruwe wawili wakifa asubuhi, mchana mfanyabiashara ameshapigiwa simu, jioni waliobaki wamepakiwa. Twende kwenye hesabu. Tuseme jike mzima mwenye thamani ya laki tatu na nusu unamtoa kwa elfu sabini. Unao watano, umepata laki tatu na nusu, unajisifu kwamba umeokoa nguruwe mmoja. Wale watano hawakuishia kwenye sufuria. Mmoja alichinjwa njiani chini ya mti, damu ikamwagika pale ambapo nguruwe wa kijiji kizima hupita baada ya mavuno mnapowafungulia. Utumbo walikula mbwa. Mwingine alionekana bado mzima, mnunuzi akamuuza kwa mfugaji wa kijiji cha jirani kama mbegu. Waliobaki walikuwa kitimoto mjini, na mabaki yake yakaingia kwenye ndoo ya nyuma ya baa, ndoo ambayo mtoto wa shemeji yako huenda kuichukua kila jioni kwa baiskeli. Baada ya miezi sita unataka kuanza upya na unatafuta vitoto. Vitoko wapi? Vijiji vyote ulivyokuwa unanunua vimekwisha.

Wewe mfanyabiashara nawe usisome hapa ukicheka. Siku ile ya hofu unanunua watano kwa bei ya mmoja na unaona neema imeshuka. Wiki tatu baadaye karantini imetangazwa, mnada umefungwa, kibali cha kusafirisha hakitoki, na wale wafugaji kumi waliokuwa wanakupa mzigo kila mwezi hawana kitu bandani. Jiko la kitimoto linakaa baridi miezi mingi, na wateja wamehamia kwenye kuku. Nimewaona wafanyabiashara wazuri, wenye mitaji, wakirudi kuendesha bodaboda za watu kwa sababu ya faida ya siku tatu. Homa hii haimwambukizi binadamu, hilo ni kweli na nitalirudia kila siku ili watu wasiogope nyama iliyopimwa. Lakini wewe ndiye unayeibeba, kwenye viatu, kwenye kisu, kwenye kamba, kwenye sakafu ya gari. Ingia mabanda matatu kwa siku bila kuosha na hakuna ngiri atakayekushinda kwa kusambaza. Mfugaji, mnunuzi akija mwache asimame nje ya uzio, nguruwe umtoe wewe. Akikataa aende. Na asiye na kibali cha kusafirisha usimuuzie. Sheria ya magonjwa ya mifugo ya mwaka 2003 iko wazi kuhusu kutoa taarifa na kuhamisha wanyama, ila mimi nakwambia kwa ajili ya banda lako kwanza, sheria baadaye.

Kinga mnayoitafuta kwenye chupa iko hivi.

Wafungie. Mwaka mzima, sio kipindi cha kilimo tu kwa kuogopa kesi za mahindi ya watu. Nguruwe anayezurura anakutana na mzoga, na utumbo uliotupwa, na nguruwe wa wengine. Mkiwafungia mnapunguza na tegu, maana nguruwe hatakula tena kinyesi cha mtu. Wajumbe wa serikali ya kijiji, sheria ndogo ya nguruwe wanaozurura mnayo au mnaweza kuitunga. Itumieni hata kwa nguruwe wa mwenyekiti.

Makombo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi mnapoteza kila kitu. Kirusi hiki ni kigumu. Kwenye nyama iliyogandishwa kinaweza kukaa miaka, kwenye nyama iliyokaushwa kwa chumvi kinakaa miezi. Lakini moto kinauogopa. Kama huwezi kuacha makombo ya hotelini, basi yachemshe. Kupasha moto hakutoshi. Yachemke yatokote kwa saa nzima huku unakoroga, ili mfupa wa katikati ya sufuria nao uive. Kuni zinakula pesa, najua. Piga hesabu ya kuni za mwezi, halafu weka pembeni bei ya jike mmoja, uone. Ndoo mbichi isiingie ndani ya uzio, na aliyeibeba anawe mikono kabla ya kushika chakula kilichoiva. Mwenye machicha ya komoni na pumba yuko salama zaidi, mradi gunia halikutoka kwenye banda la mtu mwingine. Mabaki yenye nyama ya nguruwe, hata umeichinja mwenyewe nyumbani, nguruwe asipewe.

Dume la kukodi. Kijiji kizima kinatumia dume moja, linatembezwa kwa kamba kutoka banda hadi banda kwa ujira wa elfu kumi au kitoto kimoja. Mnajua wenyewe magonjwa ya watu yanavyosambaa kwa mtindo huo, sina haja ya kueleza. Jirani watatu au wanne mnaoaminiana mnunue dume lenu, likae sehemu moja, wala lisitoke nje ya nyinyi wanne. Tetesi za ugonjwa zikisikika kata ya jirani, kupandisha kusimame hata kama jike yuko kwenye joto. Joto litarudi baada ya wiki tatu.

Nguruwe mgeni akae peke yake mwezi mzima, mbali na wengine, na ndoo yake na mhudumu wake. Kirusi kinaweza kukaa mwilini siku 4 hadi 19 kabla dalili hazijaonekana. Yule uliyemnunua mnadani akiwa anakula vizuri na mkia umejikunja hakuthibitishii lolote.

Nyufa za ukuta wa udongo ziba. Papasi hujificha humo mchana, hunyonya usiku, na anaweza kubaki na kirusi miaka. Banda linalofiwa kila mara, hata baada ya kukaa tupu, lichunguze kwa tochi usiku. Viatu vya bandani vibaki bandani. Dawa ya klorini ya kufulia, ile iliyoandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu moja kwa sehemu sita za maji, ichanganywe siku hiyo hiyo. Kumbuka klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi: kwanza kwangua, osha kwa sabuni, ndipo umwage na uache nusu saa. Beseni la dawa mlangoni lililojaa tope la wiki iliyopita ni pambo.

Na ikiwa tayari? Umeamka, wawili wamelala chini, wengine wamelundikana kona moja wanatetemeka, hawagusi chakula, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu kuelekea zambarau, pengine damu puani, jike ametupa mimba. Usimpigie mnunuzi. Nipigie mimi, au afisa mifugo wa kata yako, au mwenyekiti wa kitongoji. Mpaka sampuli ipimwe maabara hakuna anayejua kwa hakika, hata mimi, na ikitokea ni erisipelasi bado unaweza kuwaokoa. Kwa hiyo kuripoti mapema sio kujipeleka hukumuni. Funga njia ya kuingia. Mtu mmoja tu ahudumie, asiende mabanda ya wengine, asihudhurie mnada. Waambie majirani siku hiyo hiyo. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko lawama ya kunyamaza, maana watajua tu.

Mizoga usichune wala usipasue kuangalia ndani. Chimba shimo la kina cha mita mbili, mbali na kisima na mto, na juu ya mzoga paje udongo wa mita moja ili mbwa wasifukue. Matandiko na mabaki ya chakula yaingie humo au yachomwe. Halafu kazi inayowashinda wengi: kusubiri. Osha banda kwa utaratibu niliosema, rudia baada ya wiki, kisha liache tupu siku 40 kwa uchache. Baada ya hapo usijaze. Weka vitoto viwili au vitatu tu, viachie nafasi wazunguke kila kona ya banda, na uwaangalie kwa wiki sita. Wakibaki wazima ndipo uongeze wengine. Wakifa, umepoteza viwili badala ya kumi na viwili, na umejua kwamba bado kuna nyufa hukuziba.